Tumbo Langu Kwenye Televisheni

Jumatatu, 5 Juni 1989. Kitale

Zamu ya asubuhi. Baridi. Laini za Endebess zimeharibika tena kwa mvua na watu wa huko wananilaumu mimi kana kwamba ndimi niliyeinyesha. Kiti nimekisogeza nyuma kwa sababu ya tumbo. Sasa naifikia bodi ya simu kwa kunyoosha mikono, kama mtu anayeiba mapera ya jirani juu ya ua.

Kabla ya chakula cha mchana mzee mmoja mwenye shamba alipiga akitaka Eldoret. Nikamwambia asubiri.

"Wewe si ndiye yule wa kwa redio?"

Nikasema ndimi.

"Nilijua. Nimeambia bibi yangu, huyu ni yule opareta wa kutuambia ati laini imekufa." Kisha akakata simu. Eldoret aliisahau.

Si wa kwanza wiki hii. Miaka yote nimewaambia watu wa wilaya hii subiri, hakuna anayejibu, jaribu tena baadaye. Sasa sauti ileile inawaimbia na gitaa la umeme nyuma yake. Uso wangu hawaujui. Nikipita sokoni hakuna anayegeuka.

Nina fahari. Naandika hapa kwa sababu kusema kwa mdomo ni maringo.

Ijumaa, 9 Juni

Mazoezi kwenye stoo ya mahindi nyuma ya duka la Wafula. Wafula ni kaka yangu, mkubwa wangu, fundi wa redio na mpiga gitaa. Amplifaya aliitengeneza mwenyewe kwa vipande vya redio zilizokufa. Kiboi yuko kwenye dramu, hushuka kutoka Mlima Elgon kila Ijumaa akiwa na gunia la viazi la kuuza. Besi ni Ekai wa mtaa wa Kipsongo, anayebeba mizigo kwenye maghala mchana kutwa na bado vidole vyake vinapiga kama havijashika kitu kizito maishani. Mimi naimba. Tunajiita Mawe Matupu. Mtu alituambia rock maana yake ni mawe, tukaona hilo ndilo jina.

Watu wa hapa wanapenda muziki wa kucheza polepole kwa mabega. Wa kwetu una kelele. Harusi mbili zimetufukuza. Lakini sahani yetu ya kwanza imetoka mwezi uliopita, wimbo mmoja kila upande, na huu wa upande wa kwanza, "Ukifika", redio haiuachi.

Leo Wafula ameingia na habari. Televisheni wanataka kuja kuupiga picha. Watatoka Nairobi na kamera mpaka Kitale. Kiboi aliangusha kijiti chake. Ekai aliuliza kama wataonyesha na miguu, maana viatu vyake havifai.

Wote walinitazama mimi. Wimbo ni wangu. Maneno niliyaandika mimi, Wafula akayatafutia gitaa. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye gunia.

Jumapili, 18 Juni

Tumetoka Misikhu kwa Mayi, mama yake Barasa. Barasa ni mume wangu, dereva wa trekta kwenye shamba moja nje ya mji. Tulimpelekea sukari na habari.

Habari ya televisheni hakuipenda. Hakugomba. Aliendelea kuchambua mchele, halafu akasema bila kuinua macho, "Sasa ati unataka dunia yote ione hiyo tumbo? Kwani haukumbuki?"

Nakumbuka. Nani anakumbuka kuliko mimi. Wa kwanza hakufika miezi mitano. Wa pili alifika, akalia mara moja, kabla ya asubuhi akawa ameondoka. Mayi anaamini ni macho ya watu. Kwamba nilitembea sana sokoni na gauni la kubana, nikacheka sana, mtu akaniangalia vibaya. Safari hii alitaka nikae ndani, nivae koti, nisiseme nina mimba ya miezi mingapi.

Simlaumu. Aliwazika pamoja nami. Lakini nimechoka kubeba watoto kama bidhaa ya magendo.

Njiani Barasa alinishika kiwiko kila tulipofika kwenye matope.

Alhamisi, 22 Juni

Niandike yote kama nilivyoyasikia.

Saa nne hivi iliingia simu ya Nairobi ikitaka duka la vipuri lililo jirani na kwa Wafula. Huko ndiko hupigiwa. Niliunganisha. Nikaisikia sauti ya Wafula, nikajua ni mambo ya televisheni. Kusikiliza simu za watu ni kosa kazini. Nilisikiliza.

Mtayarishaji anaitwa Gideon. Ana sauti nzuri, ya mtu aliyekunywa chai. Alisema kila kitu kiko tayari, watakuja Julai. Halafu akasema, "Jambo dogo tu. Nimeambiwa dada yako ni mjamzito."

Wafula akasema ndiyo.

"Huo ni wimbo wa mapenzi, bwana. Msichana anamngoja mpenzi wake mlangoni. Nikiweka tumbo pale, watu watauliza amngoje nani tena." Akacheka. "Tuna msichana hapa, mrembo. Atafungua mdomo tu. Sauti inabaki ya dada yako. Nani atajua?"

Nilingoja. Nilibana hedfoni kwa mikono miwili. Nilijua kaka yangu atasema nini. Huyu alipigana na mvulana wa darasa la saba kwa sababu yangu yeye akiwa darasa la nne.

Akasema, "Sawa. Nimesikia."

Taa za bodi ziliwaka zote, watu wanaita, sikuzijibu. Msimamizi alidhani ni uchungu umeanza. Akaniletea maji.

Ijumaa, 23 Juni

Mazoezi. Wafula hakuitaja simu ile, nami sikuitaja. Niliimba vibaya kwa makusudi na hakunirekebisha. Hapo ndipo nilipojua anaona aibu.

Jumapili, 25 Juni

Amekuja baada ya kanisa. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, kofia magotini, kama mtu aliyeleta habari ya msiba. Akanieleza nilichokwisha kukisikia. Akasema ni kwa ajili ya bendi. Kwamba Ekai hajawahi kupata nafasi ya kuwa mtu isipokuwa hii. Kwamba sauti itakuwa yangu.

"Sauti yangu iko kwenye simu kila siku, Wafula. Sauti yangu watu wanayo."

"Nifanye nini? Hao ndio wenye kamera."

Nikamwambia nilimsikia siku ile akisema sawa. Aliinama. Nikamwambia atoke. Akatoka. Chai yake ilibaki mezani.

Ningeweza kumwambia jambo lile. Ningeweza kusema wimbo huo si wa mpenzi. Nilishindwa. Hasira ilikuwa tamu kuliko ukweli.

Jumanne, 27 Juni

Nimemwambia Barasa. Yote, na lile jambo pia.

"Ukifika" niliuandika mwaka juzi, wiki chache baada ya yule wa pili. Nilikuwa nimekaa jikoni, mlango wazi, mvua inaingia, na sikutaka kuufunga. Yakaja maneno:

Ukifika usibishe hodi, mlango sikuufunga.
Ukifika usiulize, ni wewe niliyekungoja.

Ni mtoto ninayemwambia. Yule ambaye hajaja. Ndiyo sababu mwishoni napiga kelele vile. Watu wanadhani ni utamu wa mapenzi.

Nilimwambia Barasa haya huku nimemgeuzia mgongo, nakoroga mboga. Aliendelea kula ndizi yake.

"Nilijua," akasema.

Nikageuka. Ulijua?

"Kwani ulidhani nafikiri ni mimi? Mimi naingia hapa kila jioni na sijawahi kubisha hodi."

Nimecheka nikalia. Huyu mtu anaongea kidogo sana, na ninasahau kwamba anasikia.

Aliniuliza kama Wafula anajua. Hapana. Akasema basi nisimkasirikie mtu kwa kuuza kitu asichokijua ni nini. Akaenda kuangalia betri ya trekta.

Jumamosi, 1 Julai

Nilikwenda dukani kwa Wafula kabla ya zamu. Alikuwa ameinamia redio ya mtu, moshi wa risasi ya kuunganishia nyaya puani. Hakunitazama. Nikasimama mbele ya meza nikamwambia nilivyomwambia Barasa. Nilifupisha. Sikutaka kulia mbele ya wateja.

Alizima chuma cha kuchomea. Akakaa. Mtoto wangu wa pili alipozikwa, yeye ndiye aliyelibeba sanduku, kwa sababu Barasa hakuweza.

"Nimekuwa nikipiga gitaa la huo wimbo mwaka mzima," akasema. "Nikitabasamu."

Hakusema samahani. Alitoka akaenda duka la vipuri, nami nikaenda kazini. Sikuwa nimekaa vizuri taa yake ikawaka. Sauti ya kazi kabisa: "Opareta, nipe Nairobi." Akataja namba. Nikamuunganisha. Safari hii alijua namsikiliza, na alitaka nisikilize.

Alimwambia Gideon kwamba bila dada yake hakuna picha. Gideon hakupaza sauti. Alisema amekwisha kuahidi wakubwa wake wimbo wa mapenzi, msichana amekwisha kupatikana, gari limepangiwa safari. Kama Mawe Matupu hawataki, kuna bendi nyingine kule Nakuru zinataka.

Wafula akasema, "Basi wape hao wa Nakuru."

Akilini niliona miguu ya Ekai. Naam, miguu yake, na vile viatu. Nikaona Kiboi anashuka mlima na viazi. Sikufikiri zaidi. Nikabonyeza kitufe nikaingia kwenye laini.

"Bwana Gideon, hapa ni Kitale. Ni Nekesa, mwimbaji. Mleteni huyo msichana. Na kamera mlete. Mpigeni yeye kama mnavyotaka, sisi tutapiga vyombo. Halafu mtanipiga na mimi. Mkishafika Nairobi mtachagua wenyewe."

Gideon akauliza, "Wewe umeingiaje hapa?"

Nikasema, "Muda wenu umekwisha. Mnaongeza?"

Akacheka. Akasema ataona. Haikuwa ndiyo. Haikuwa hapana pia.

Kama msimamizi akijua, kazi sina. Sijutii.

Jumanne, 11 Julai

Wamefika. Gari lao limejaa matope mpaka kwenye kioo. Gideon ni mfupi, ana miwani, na alinisalimia kwa mikono miwili, jambo ambalo sikulitegemea. Alinitazama tumbo akatazama pembeni.

Msichana anaitwa Caroline. Wamemweka alale kwangu ili ajifunze maneno. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nilikuwa nimekwisha kuamua ana kucha ndefu na atakataa ugali wangu. Ana kucha za kawaida. Anauza viatu kwenye duka fulani Nairobi na hii ya picha humwongezea kidogo. Alikula, akaomba na mboga zaidi, akaosha vyombo nikiwa bado nimekaa.

Maneno aliyashika haraka. Lakini kila aliposema "ukifika" alilegeza macho, mabega yakapanda. Nilivumilia. Kisha akaniuliza mwenyewe.

"Auntie, huyu mtu tunamngoja ni nani? Nikijua, sura yangu itakaa vizuri."

Nikamwambia.

Alishika kikombe bila kunywa. Akasema, "Na mimi ndiye nitasimama hapo?" Kisha akavuta shuka akalala akitazama ukutani. Nadhani hakulala mapema.

Jumatano, 12 Julai

Niandike kabla sijasahau mpangilio.

Shambani kwa mwajiri wa Barasa, nje ya mji. Mahindi yamepita kichwa cha mtu, kijani mpaka mlimani. Barasa alileta trela akaliegesha mwisho wa shamba, hilo ndilo jukwaa. Jenereta ikawashwa. Wafula na amplifaya yake. Kiboi amevaa suti ya marehemu baba yake. Ekai alikuwa na viatu vipya vya Caroline: si vyake yeye, alimletea kutoka dukani kwake baada ya Wafula kuwaambia kwenye simu kwamba mpiga besi hana. Vilimbana. Hakuvivua siku nzima.

Wimbo unatoka kwenye spika kutoka kwenye tepu, wao wanajifanya wanapiga. Caroline juu ya trela, gauni jekundu. Alikuwa mzuri. Lazima niseme hivyo. Mdomo wake ulilingana na sauti yangu mpaka nikaona kizunguzungu, kama kumwona mtu mwingine amevaa ngozi yangu. Nilikaa kwenye gunia la mbolea pembeni na wafanyakazi wa shamba. Mama mmoja aliniuliza, "Huyo ndiye anaimba?" Nikasema, "Mnamsikia." Siku hiyo nzima hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Kwamba nilikubali.

Lakini Caroline hakutabasamu. Gideon alimwambia alegee, aringe kidogo, amwite mpenzi kwa macho. Akarudia. Hakutabasamu. Alisimama wima, anaimba kama mtu anayetazama barabara ambayo haina mtu. Gideon akasimamisha tepu akamuuliza ana nini. Caroline akasema ameuimba wimbo kama ulivyo. Kisha akaniangalia, akamwambia, "Mpige yeye sasa. Mimi nimechoka kufungua mdomo."

Gideon alitazama mawingu. Mvua ilikuwa imeshika mlima. Alitazama saa, akamuuliza mpiga kamera tepu imebaki kiasi gani. Kidogo. Akanijia. Hakuwa na hasira.

"Mara moja tu, mama. Ikiharibika, imeharibika."

Nilisimama. Gauni langu la kijivu, la kazini. Barasa alikuwa amepanga magunia kama ngazi, sijui saa ngapi. Niliweka mguu kwenye gunia la kwanza, na hapo nikamwona Mayi.

Alikuwa anakuja kati ya mahindi na mkoba wake wa kanisani, viatu mkononi, matope mpaka magotini. Ametoka Misikhu peke yake. Mkono mwingine una leso ya kujifunga. Kila mtu alimgeukia, hata Gideon ambaye hamjui. Wafula alishusha gitaa. Nami nikajua amekuja kunifunika. Nikajua pia kwamba akinifunika sitamzuia, kwa sababu ya zile siku mbili tulizosimama pamoja makaburini.

Mayi aliikunjua leso. Akaipitisha nyuma yangu. Akaileta mbele, chini ya tumbo, akaivuta juu kidogo, akafunga fundo kiunoni. Alifunga barabara, kama wanavyofungwa wanaokwenda shambani wakiwa wazito. Tumbo likakaa. Mgongo ukapata nafuu palepale. Halafu akalainisha gauni juu yake kwa viganja vyote viwili, ili lionekane vizuri.

"Barasa ameniambia ni nani unaita," akasema. "Ita basi. Ita kwa nguvu asikie."

Nikapanda.

Tepu ikaanza na mimi sikufungua mdomo tu. Niliimba. Kwa sauti yote, juu ya sauti yangu ya kwenye spika, mpaka zikawa mbili. Wafula aliacha kujifanya, akaongeza amplifaya yake, akapiga kweli. Kiboi akafuata. Ekai akafuata. Mpiga kamera alikuja karibu, akashuka, akanipiga kutoka chini, tumbo mbele, mlima nyuma. Wafanyakazi walisimama na majembe. Kwenye ule mwisho wa kelele mtoto alinipiga teke hata gauni likaruka, na sikuacha kuimba.

Mvua ikaanza tulipomaliza. Walikimbiza kamera ndani ya gari. Gideon aliufunga mlango, akaufungua tena, akaniambia, "Sikujua." Nikasema hakuna aliyejua. Akasema hawezi kuniahidi kitu. Wakubwa wake watatazama.

Caroline alinikumbatia kwa ubavu, kwa sababu mbele hapafikiki.

Najua niliimba vipi. Hata wakiitupa, najua.

Jumatatu, 31 Julai

Hakuna habari. Likizo ya uzazi imeanza. Msimamizi aliniaga, akasema polepole kwamba kuna siku alisikia opareta akizungumza kwenye laini ya watu, na kwamba masikio yake siku hizi si mazuri. Nikamshukuru.

Wafula anapiga Nairobi. Anaambiwa mtayarishaji yuko nje. Opareta aliyeshika nafasi yangu humnong'oneza ajaribu tena, Wafula ananiambia.

Naogopa. Si televisheni. Miezi inapita na mwili huu nimeujua ukinidanganya.

Jumamosi, 19 Agosti. Misikhu

Nimehamia kwa Mayi niwe karibu na hospitali ya Bungoma. Wafula alituma ujumbe: leo jioni, kipindi cha muziki. Hakusema wamechagua nini. Hata yeye hajui.

Televisheni iko kwa mwenye duka, inatumia betri ya gari. Chumba kilijaa. Mayi alinitafutia kiti cha mbele, kisha akamwambia mzee mmoja avue kofia maana si kanisani lakini ni kama.

Nyimbo zikapita. Watu wa mabega. Halafu mahindi. Mahindi yetu, bila rangi, kijivu, lakini niliyajua. Gitaa la Wafula. Na Caroline.

Nilitazama mikono yangu. Ubeti wa kwanza wote ni Caroline juu ya trela, anatazama barabara. Mtu nyuma akasema, "Kumbe mrembo hivi." Mayi akanishika paja.

Kisha kiitikio. Kamera ikapanda kutoka chini na hapo nikajiona. Tumbo kwanza. Tumbo limejaza kioo chote, na leso chini yake, na mimi juu mdomo wazi. Ubeti wa pili, Caroline. Kiitikio, mimi. Mwisho, ule wa kelele, mimi peke yangu mpaka picha ikazimika, na kwenye ule mwisho wanaona lile teke. Gauni linaruka. Wameliacha.

Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akasema, kama anajiambia, "Ah. Ni mtoto anaitwa."

Alielewa mara moja. Hakuambiwa na mtu. Nilitaka kwenda kumshika mkono.

Sikupata yote. Nusu ya wimbo wangu ina uso wa mtu mwingine na itabaki hivyo. Lakini uso huo ulijua unachokiimba. Na nusu yangu hakuna anayeweza kusema ni ya mwingine. Nina fahari.

Mayi alimwambia mwenye duka, "Huyo ni mke wa kijana yangu. Na hiyo ingine ni mjukuu." Akasema hivyo kwa kila mtu mpaka nyumbani.

Jumapili, 10 Septemba. Bungoma

Msichana. Alfajiri. Alilia, nikangoja anyamaze, akalia tena. Analia bado.

Alhamisi, 14 Septemba

Bado tuko hospitali, wanataka kumtazama kidogo. Simwachii mtu yeyote. Muuguzi ananisihi nilale. Nalala nikiwa na kiganja kifuani pake, nikihesabu pumzi, halafu nasahau kuhesabu, halafu naamka kwa hofu na kumkuta ananyonya ngumi yake.

Muuguzi huyohuyo aliniuliza kama ni mimi. Nikasema ni mimi. Alikwenda kuwaita wenzake, wakasimama mlangoni. Walimtazama mtoto zaidi kuliko mimi.

Jumatano, 20 Septemba. Misikhu

Tumerudi. Jina ni Naliaka, la mama yake Mayi. Barasa alikuja kwa baiskeli ya mtu, akamshika kwa ncha za vidole kama kitu cha kioo, akarudi kazini kabla ya jua kutua. Amesema mahindi kule yameanza kukauka vizuri.

Wafula naye alipita. Ana sauti mpya ya gitaa anataka maneno. Aliipiga taratibu, bila umeme, kwenye veranda. Nimemwambia ni nzuri na kwamba sina maneno. Akasema si haraka. Akala viazi akaondoka.

Mayi anapalilia maharagwe nyuma ya nyumba, anazungumza na kuku. Nepi zimekauka. Uji uko kwenye sufuria, umepoa, nimekunywa hivyo hivyo. Mtoto amelala tangu mchana, na mara hii sikuenda kumwangalia.

Sasa namsikia anajinyoosha.